Sekai, Makwati na Kipindi cha Biolojia

Kwa miaka mingi karatasi ya mtihani wa taifa wa Kiswahili wa kidato cha nne ilichapishwa pamoja na orodha fupi ya vitabu tisa: diwani tatu za ushairi, riwaya tatu na tamthiliya tatu. Mtu yeyote aliyesoma sekondari Tanzania katika kipindi hicho, awe alisomea Bukoba au Newala, anavitambua vitabu hivyo kwa majina, kwa waandishi na hata kwa vifupisho vya wachapishaji wake, na anaweza kuwa amefaulu vizuri bila kushika jalada la hata kimoja. Katika shule yangu ya kutwa, mkoani Shinyanga, nakala za riwaya ya Takadini ya Ben Hanson zilikuwa chache kuliko mikondo ya kidato cha nne, na mojawapo ilikosa kurasa za mwanzo. Tulichokuwa nacho kwa wingi ni kitini cha uchambuzi.

Kitini hicho kilinunuliwa katika duka la steshenari lililo mkabala na stendi, kikatolewa kopi, kisha kopi ikatolewa kopi nyingine, hadi herufi za upande wa kushoto zikabaki vivuli. Ndani yake riwaya nzima ilikuwa imekatwakatwa na kupangwa chini ya vichwa ambavyo mwanafunzi wa fasihi anaweza kuvitaja akiwa usingizini: muundo, mtindo, matumizi ya lugha, wahusika, mandhari, kisha dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa, mtazamo, msimamo, nafasi ya mwanamke, na mwishoni kabisa kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi, sehemu iliyonichekesha daima kwa sababu mwandishi mkubwa na mdogo wote walifaulu na kushindwa kwa sababu zilezile. Kila mhusika alimalizikia katika moja ya hukumu mbili: anafaa kuigwa na jamii, au hafai kuigwa na jamii. Sekai, mama anayesimuliwa katika riwaya hiyo, alifaa. Wake wenza wake hawakufaa. Tulinakili hukumu hizo kwenye kaunta buku, tukapigia mstari majina kwa kalamu nyekundu, na kusubiri mtihani.

Simlaumu mwalimu wetu wa Kiswahili. Alikuwa na mikondo mingi, kila mkondo una wanafunzi zaidi ya 80, na kipindi ni dakika 40, ambazo kati yake kadhaa huishia katika kufuta ubao na kutafuta chaki. Mtu aliyepewa kazi hiyo na kuambiwa kwamba atapimwa kwa idadi ya A na B atakazoleta hana budi kuchagua njia ya mkato, na njia ya mkato katika fasihi ni kumpa mtoto hoja badala ya kumpa kitabu. Swali la mtihani linadai hoja, hoja zinahesabiwa, na kila hoja ina alama zake. Ukizikariri, umevuka.

Kilichotutoa katika njia hiyo ya mkato ni macho ya mwenzetu mmoja. Alikuwa kijana mwenye ualbino, aliyekaa dawati la kwanza upande wa ukutani, kwa sababu mwanga wa dirishani ulimuumiza na ubao akiwa mbali nao hakuuona. Kitabu kilichochapwa vizuri alikisoma akikisogeza hadi karibu na pua. Kile kitini kilichofifia kilimshinda kabisa. Siku moja alisimama na kusema kwa adabu, lakini kwa sauti ya mtu aliyechoka, “Mwalimu, mimi kopi hii siioni. Naomba mtu asome.” Mwalimu akafungua mkoba wake, akatoa nakala yake mwenyewe ya Takadini iliyozungushiwa gundi ya karatasi mgongoni, akampa kiranja wa darasa, akamwambia aanze ukurasa wa kwanza. Nadhani alikusudia tusome kurasa chache tu ili kumridhisha yule kijana. Kipindi kilipoisha hakuna aliyefunga daftari, na kuanzia hapo usomaji ukahamia kwenye vipindi vya jioni, baada ya masomo ya kawaida, huku wasomaji wakipokezana.

Kwa asiyekifahamu kitabu hicho, ni hadithi ya mwanamke wa Zimbabwe aitwaye Sekai, mke wa Makwati, ambaye baada ya kukaa muda mrefu bila mtoto anajifungua mtoto mwenye ualbino. Kwa mila ya kijiji chao mtoto wa namna hiyo hakupaswa kuishi. Sekai anamchukua mwanawe, Takadini, na kutoroka naye hadi kijiji kingine, ambako wanapokewa na kuanza maisha mapya yasiyokosa vikwazo. Hayo yote yalikuwamo katika kitini, tena katika aya moja tu. Ambacho hakikuwamo ni kutembea. Ukisomewa kwa sauti huwezi kuruka; mwanamke anapotembea porini na mtoto mgongoni, nawe unakwenda naye kwa mwendo wa msomaji, na msomaji wetu wa siku ile alikuwa mzito wa ulimi, akikwama kwenye majina ya Kishona, kwa hiyo safari ikawa ndefu kweli.

Ni katikati ya safari hiyo ambapo mwenzetu wa dawati la kwanza alinyoosha mkono. Hakuuliza habari za unyanyapaa wala za mila potofu, mambo ambayo sote tulidhani ndiyo yaliyokuwa yakimgusa. Aliuliza kuhusu jua. “Mtoto huyu ngozi yake ni kama yangu, na ana siku chache tu. Mchana kutwa amefunikwa na nini?” Darasa lilinyamaza, kisha likaanza kubishana: wengine walisema kitambaa cha kumbebea kingetosha, wengine kwamba mama angetembea usiku, na mmoja akauliza kama mama mwenyewe angejua kwamba jua ni adui, kwa kuwa hajawahi kulea mtoto kama huyo. Mwenzetu alieleza jinsi bibi yake alivyogundua jambo hilo kwa kuona malengelenge mabegani mwake, na jinsi alivyoanza kumvalisha mikono mirefu na kofia pana hata kabla ya mtu wa hospitali kumwelekeza. Tangu siku hiyo nimepitia vitini vingi vya uchambuzi wa Takadini, na hakuna hata kimoja kilichotaja jua.

Jambo la pili lilinishangaza zaidi, na ndilo hasa lililonifanya niandike makala hii. Muhula uleule tulikuwa tukijifunza urithi wa sifa katika Biolojia. Somo hilo, kama karibu mengine yote ya sekondari isipokuwa Kiswahili, linafundishwa kwa Kiingereza, lugha ambayo wengi wetu tulianza kuikabili kwa dhati tukiwa na miaka 14, baada ya kusoma shule ya msingi yote kwa Kiswahili. Ualbino ulikuwa mfano mmojawapo katika mada hiyo. Tulichora vile visanduku vinne vya Punnett, vinavyoonesha sifa ambazo mtoto anaweza kurithi kwa wazazi wake, tukajaza herufi kubwa na ndogo, tukapata jibu la robo, mwalimu akaweka vema, tukaenda kwenye mada inayofuata. Hakuna aliyeuliza swali, na si kwa sababu tulielewa. Katika vipindi vya Kiingereza mtu hufikiria mara mbili kabla ya kufungua mdomo, maana anaweza kuwa na swali zuri kichwani na kuchekwa kwa sababu ya kitenzi. Darasa zima hukaa kimya, mwalimu anaulizia kama tumeelewa, sote tunaitikia kwa pamoja, na somo linaendelea.

Sasa, katika kipindi cha jioni, tulipofika mahali ambapo lawama zinamwangukia Sekai, msichana mmoja aliyekaa nyuma alisema kwamba wake wenza wana haki ya kuogopa, kwa sababu wao wanazaa watoto wa kawaida na mume ni huyohuyo, basi tatizo litakuwa limetoka kwa Sekai. Ilikuwa hoja yenye mantiki, na kwa dakika chache hakuna aliyeweza kuijibu. Ndipo mvulana mmoja, hodari wa sayansi na mvivu wa fasihi, alipokwenda ubaoni, akachora visanduku vinne, na juu yake akaandika jina la Makwati na pembeni jina la Sekai.

Alieleza hivi. Kwa kawaida, ili mtoto azaliwe na ualbino, ni lazima apokee chembe ya urithi ya ualbino kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Mtu mwenye chembe moja tu ngozi yake haioneshi chochote, wala yeye mwenyewe hajui kwamba anayo. Kwa hiyo ikiwa Takadini ana ualbino, Makwati naye anabeba chembe hiyo sawasawa na Sekai. Wake wenza wanaweza kuzaa na Makwati miaka yote bila kupata mtoto mwenye ualbino kama wao hawaibebi, na watoto wao kadhaa watakuwa wameirithi kimyakimya kutoka kwa baba yao. Msichana wa nyuma akauliza kama robo ina maana kwamba Sekai angezaa wanne ndipo mmoja awe hivyo. Mvulana akajibu kwamba hapana, kila mimba inaanza upya, inaweza kutokea kwa mtoto wa kwanza au isitokee kamwe. Mwalimu wa Kiswahili, aliyekuwa ameketi kwenye dawati la nyuma akisahihisha madaftari, aliacha kalamu na kuomba maelezo yarudiwe.

Nilikuwa nimepata alama zote katika zoezi la Biolojia la mada hiyo. Hata hivyo, ni jioni ile tu ambapo niliona kwamba visanduku vile vilikuwa vinazungumzia baba na mama, na kwamba katika kijiji cha Sekai, na katika vijiji vyetu pia, kuna wanawake wamerudishwa kwao kwa jambo ambalo nusu yake imetoka kwa mume. Riwaya ilitupatia watu wa kuwaweka ndani ya hesabu, na Kiswahili kilitupa ulimi wa kuuliza. Ratiba ya shule, iliyoyatenganisha masomo hayo mawili kwa kengele na kwa lugha, isingeweza kuyakutanisha kwa kupanga. Yalikutana kwa sababu kopi ilikuwa imefifia.

Hatukuwa tumemaliza kitabu wakati habari za Muleba zilipotufikia. Mwishoni mwa Mei 2024 mtoto wa kike mwenye ualbino, ambaye hata miaka mitatu hakuwa ametimiza, aliporwa nyumbani kwao mkoani Kagera, na katikati ya Juni mwili wake ukapatikana. Sisi wa Kanda ya Ziwa tumekua na kumbukumbu za mauaji ya watu wenye ualbino yaliyotikisa nchi kuanzia mwaka 2007. Tunajua kwa nini watoto wenye ualbino walikusanywa katika kituo cha Buhangija kule Shinyanga, na tunakumbuka kusikia wakubwa wakisimulia jinsi Serikali ilivyopiga marufuku waganga wapiga ramli Januari 2015. Tulidhani ni mambo yaliyopita. Wakati huo tulikuwa kambini tukijiandaa na mitihani, na baba yake mwenzetu alifika asubuhi na mapema kwa bodaboda, akazungumza na mwalimu wa zamu, akaondoka na mwanawe. Dawati la kwanza lilikaa tupu kwa muda. Aliporudi, mmoja wetu alipendekeza kwa nia njema kwamba turuke kurasa zinazohusu kifo na kwenda mbele. Alikataa. “Someni tu. Mimi nataka kujua huyu mama alifanikiwa vipi.”

Hapa naomba niseme jambo moja la kiutendaji, hata kama linaonekana kuwa nje ya fasihi. Siku ya mtihani wa taifa, mtahiniwa mwenye uoni hafifu hupewa karatasi yenye maandishi makubwa. Huo ni utaratibu mzuri na unastahili sifa. Lakini mwanafunzi huyo amejiandaa kwa miaka minne kwa vitabu vya maandishi ya kawaida, vitini vilivyofifia na ubao unaong'aa, kana kwamba macho yake yataanza kumsumbua asubuhi ya mtihani. Nakala moja ya riwaya iliyochapwa kwa herufi kubwa, ikiwa katika kabati la kila shule, isingegharimu sana.

Riwaya ya pili tuliyoisoma kwa sauti ilikuwa Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo. Hiyo tuliisoma kwa kasi zaidi na kwa kelele nyingi, kwa kuwa kila mtu alijiona mjuzi wa mambo yaliyomo. Mama anauza chakula, baba, Lomolomo, anakunywa pombe, na watoto wao, Zita na Peter, wanaondolewa shuleni kwa kukosa ada na sare. Kitini kilisema kwamba Mama Ntilie ni mchapakazi na mvumilivu. Sawa, ni kweli. Lakini mama yangu mdogo anauza chakula karibu na gereji, nami humsaidia siku za Jumamosi, na najua kwamba uvumilivu hauzai faida. Maharage huyaloweka usiku ili yasile mkaa mwingi. Mchele huupima kwa kopo ambalo hamruhusu mtu mwingine kulishika. Na chini ya kitambaa cha meza kuna daftari lenye majina ya mafundi waliokula mchana na kusema watalipa jioni. Ukitaka kujua hali ya biashara yake, usitazame idadi ya wateja walioketi kwenye benchi, tazama daftari hilo. Nilipomsimulia habari za Lomolomo, alicheka na kuuliza kama mwandishi alieleza alikuwa akifanya kazi gani kabla ya pombe. Kwake yeye mtu haanzi na ulevi. Kwenye kitini, Lomolomo alianza na kumalizikia kwenye ulevi, na bila shaka hafai kuigwa na jamii.

Tulibishana pia kama kitabu hicho kimepitwa na wakati. Kilitoka mwaka 2002, na tangu Januari 2016, kwa Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015, ada ilifutwa katika shule za umma hadi kidato cha nne. Mwaka 2022 utaratibu huo ukafikishwa hadi kidato cha sita. Kwa hiyo, walisema baadhi, Zita na Peter wa leo wasingerudishwa nyumbani. Nakubali kwamba hatua hiyo ilibadili mengi, na mimi mwenyewe nisingefika nilipo bila hiyo. Lakini chakula cha mchana shuleni kwetu kilitegemea debe la mahindi na kilo za maharage kutoka kwa kila mzazi, pamoja na fedha ya kuni na ya mpishi, na ambaye mzazi wake hakutoa alikaa chini ya mwarobaini mpaka wengine wamalize kula. Hakuna aliyemfukuza. Baada ya muda alianza kukosa vipindi vya mchana, halafu siku za soko, halafu mahudhurio yakawa ya kubahatisha. Kitabu cha mahudhurio humwita mtoro.

Ulipofika mtihani wa moko, yaani wa majaribio kabla ya ule wa taifa, nilikutana na swali la riwaya na nikaamua kuandika nilichoelewa. Miongoni mwa hoja zangu niliweka ile ya Makwati: kwamba jamii ya Sekai inamhukumu mama kwa jambo ambalo baba amechangia kwa kiasi kilekile, na kwamba kutojua huko ndiko kunakoipa mila nguvu. Karatasi zilisahihishwa na walimu wa shule nyingine. Yangu ilirudi na mstari mwekundu kuanzia juu hadi chini ya aya hiyo, na pembeni maneno mawili: “Si hoja.” Niliipeleka kwa mwalimu wetu nikitarajia anitetee. Aliisoma yote, akasema kwamba ni aya nzuri kuliko nyingine zote zilizomo, na kwamba kwenye mtihani wa taifa nisiiandike, kwa sababu msahihishaji ana mwongozo wenye hoja zake na rundo la karatasi linalomsubiri. Nilikasirika kwa siku chache. Hata hivyo, mwezi Novemba niliandika unyanyapaa, mila potofu, nafasi ya mwanamke na mengineyo kama yalivyo kwenye kitini, na nilifaulu. Naamini alinishauri vizuri kuhusu mtihani, na naamini pia kwamba mtihani unaolazimisha ushauri wa namna hiyo una kasoro.

Sasa niko kidato cha sita, mchepuo wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), katika shule ya bweni ya mkoa mwingine. Mwenzetu wa dawati la kwanza anasoma sayansi mahali pengine. Sisi tumefika kwenye Kufikirika ya Shaaban Robert, na safari hii tuko wachache kiasi kwamba kila wawili wana nakala moja, anasa ambayo bado sijaizoea. Wiki iliyopita, baada ya prepu, tulisoma sehemu ambapo mwalimu wa mwana wa mfalme anataka michezo iwe sehemu ya masomo ya mtoto, na mfalme anakataa hadi kumwondoa kazini. Niliuliza darasa nani alikuwa na haki. Kipindi cha michezo shuleni kwetu, ambacho kwenye ratiba kipo, hutumika kwa majaribio ya kila wiki, kwa hiyo nilitarajia wenzangu wawe upande wa mwalimu. Wengi walimuunga mkono mfalme. Sababu yao ilikuwa kwamba michezo haitoki kwenye mtihani, na mmoja aliitetea kwa ufasaha mkubwa, akitumia hoja tatu na hitimisho, mpaka taa zikazimwa saa nne kamili bila sisi kukubaliana.